Tumbo la Ugenini: Uhakiki wa Istilahi za Maradhi ya Utumbo Yafuatayo Kuhara

Miongoni mwa kazi ngumu zinazomkabili mwundaji wa istilahi ni ile ya kulipatia jina jambo ambalo watu huliugua kila siku bila ya kukubaliana kwamba ni jambo moja. Chombo kipya kilichotoka kiwandani huja na umbo lake, nasi hukitazama tukakipa jina. Maradhi hayaji hivyo. Yakikosa jina lake hukodishiwa majina ya jirani zake, na mgonjwa naye hutibiwa kwa dawa za hao jirani.

Makala haya yanahusu maradhi ya namna hiyo. Mtu husafiri kwenda nchi ya mbali, awe mhujaji, mwanafunzi aendaye Bara Hindi, mfanyabiashara aendaye Guangzhou, au mtalii wa Kizungu ajaye Mombasa. Huko aendako hula na kunywa, akashikwa na tumbo la kuhara kwa siku tatu au nne, kisha akapona. Hurudi kwao akidhani mambo yamekwisha. Lakini miezi inapita, na tumbo halijarudi kuwa lile aliloondoka nalo. Leo linasokota, kesho linajaa, keshokutwa linamkimbiza chooni kabla hajamaliza chai, halafu kwa siku mbili hapati choo kabisa. Akipimwa, haonekani kijidudu wala kidonda. Daktari anamwambia hana ugonjwa, naye anajua kwamba anaumwa.

Jambo hili si uzushi wa wagonjwa, wala si geni kwa waganga. Mwaka 1950 liliandikwa katika majarida ya tiba ya Uingereza kuhusu watu waliobaki na matatizo ya utumbo baada ya kuugua kuhara damu. Mwaka 1962 Chaudhary na Truelove, madaktari wa Oxford, walieleza habari za wagonjwa wao 130, na wakaona kwamba takriban robo yao walianza kuugua baada ya kushikwa na kuhara kwa ambukizo. Ushahidi mkubwa zaidi, hata hivyo, ulitokana na misiba miwili ya maji. Mwezi Mei mwaka 2000, katika mji mdogo wa Walkerton, jimbo la Ontario, Kanada, mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe ikaingia katika kisima cha mji. Watu zaidi ya 2,300 waliugua na 7 wakafa. Walionusurika walifuatiliwa kwa miaka. Baada ya miaka miwili hadi mitatu, watu 28 hivi katika kila 100 ya waliougua walikuwa na maradhi haya tunayoyazungumzia. Baada ya miaka minane walibaki 15 hivi. Mwaka 2004 mji wa Bergen, Norwe, nao ulipata mlipuko wa kimelea kiitwacho jiadia katika maji ya bomba. Baada ya miaka mitatu wagonjwa 46 katika kila 100 walikuwa na matatizo ya utumbo, ilhali miongoni mwa wenzao ambao hawakuugua idadi ilikuwa 14. Na hata baada ya miaka kumi tofauti ile ilikuwa haijafutika, 43 kwa 14. Kwa upande wa wasafiri hasa, wanafunzi wa Marekani waliougua kuhara walipokuwa Meksiko walifuatiliwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba mmoja hivi katika kila kumi alibaki na maradhi haya miezi sita baadaye. Mwaka 2017 tafiti 45 zilikusanywa pamoja, na hesabu ikawa ile ile: mmoja katika kila kumi kwa mwaka wa kwanza, na zaidi sana pale mkosaji anapokuwa kimelea na siyo bakteria.

Basi jambo lipo, lina takwimu zake na historia yake. Swali letu ni hili: kwa Kiswahili linaitwaje?

Likiachwa bila jina, kama lilivyo sasa kwa watu wengi, huangukia mikononi mwa majirani watatu. Jirani wa kwanza ni "vidonda vya tumbo". Maneno haya yameacha zamani kutaja kidonda. Yamekuwa jina la kila maumivu yakaayo baina ya kifua na kitovu, na mtu huambiwa anavyo pasipo yeyote kuvitazama. Jirani wa pili ni "taifodi", au kwa jina letu zuri la zamani, "homa ya matumbo". Mgonjwa wa tumbo lisilokoma hupimwa kwa kipimo cha Widal, ambacho udhaifu wake unajulikana, akaambiwa taifodi imerudi, akapewa tena dawa za kuua bakteria ambao hawapo. Wa tatu ni "amiba", ambayo katika vinywa vya watu imekuwa mdudu akaaye tumboni miaka na miaka asitoke. Kila mmoja wa majirani hawa ana dawa yake. Anayeugua maradhi yetu humeza zote tatu kwa zamu, na dawa za kuua bakteria, zikizidi, zenyewe huvuruga utumbo. Hapa ndipo suala la istilahi linapoacha kuwa mchezo wa wenye kamusi.

Tutazame sasa majina yaliyojaribiwa. Kiingereza huyaita maradhi haya kwa jina la maneno matatu, ambalo neno lake kuu ni "irritable". Neno hili likipelekwa kwa mfasiri wa neno kwa neno, hutoka ama "utumbo wenye hasira", ama "utumbo unaowashwa". Majina yote mawili yanasambaa, na yote mawili hayafai.

"Utumbo wenye hasira" linachekesha, na kicheko chenyewe ni hoja dhidi yake. Linamfanya mgonjwa ajiulize nani amemuudhi utumbo wake. Zaidi ya hayo, linakosea hata kuhusu asili ya neno linalolifasiri. Neno hilo halikuingia katika tiba kwa mlango wa hasira. Albrecht von Haller, mwanafiziolojia wa Göttingen, ndiye aliyelipa maana yake ya kitaalamu katika miaka ya 1752 na 1753, alipotofautisha viungo vinavyohisi na viungo vinavyojikunja vikiguswa. Msuli unaojikunja ukichokozwa ndio uliokuwa na sifa hiyo. Maana, basi, ni wepesi wa kuitikia uchokozi. Mtu mwenye hamaki ni maana ya mitaani iliyokuja pembeni. Mfasiri aliyechukua maana ya mitaani akaiacha ya maabara amefasiri kamusi, hakufasiri istilahi.

"Utumbo unaowashwa" nalo lina kasoro ya namna nyingine. Kwa Mswahili, kuwashwa ni kwa ngozi na ni kwa koo. Pilipili huwasha, upupu huwasha. Mgonjwa wa maradhi haya hawashwi. Ukimwuliza kama utumbo wake unawasha atajibu kwa ukweli kabisa kwamba hauwashi, na daktari kijana aliyefundishwa jina hilo ataandika kwamba dalili haipo.

Wapo waliopendekeza "mshtuko wa utumbo". Pendekezo hili lina akili, kwa kuwa kushtuka ni kuitikia haraka kupita kiasi, na ndiko Haller alikokuwa akielekea. Lakini limechelewa. "Mshtuko wa moyo" umekwisha kutwaa nafasi, na mwananchi akisikia mshtuko wa kiungo chochote hutafuta sanda. Maradhi yetu hayaui. Ni kosa kubwa kumtisha mtu kwa jina ilhali ugonjwa wenyewe haumtishi hivyo. "Utumbo nyeti" nalo ni jina fupi, na sifa ya unyeti inalingana vizuri na elimu ya sasa, kwani imethibitika kwamba neva za utumbo wa wagonjwa hawa huhisi mapema kile ambacho utumbo wa mwingine haukitii maanani. Ila neno "nyeti" siku hizi lina kazi mbili zinazolifunga: nyaraka nyeti za serikali, na sehemu nyeti za mwili zisizotajwa mbele ya wakwe. Mama mtu mzima hatasema mbele ya mkamwana wake kwamba anaugua maradhi ya utumbo nyeti.

Mwandishi wa makala haya anapendelea "utumbo msumbufu". Sababu ni nyepesi. Nenda kwenye zahanati yoyote ya mwambao au ya bara, usikilize watu waliokaa kwenye benchi. Hawasemi tumbo lina hasira wala linawasha. Wanasema, "Tumbo linanisumbua." Kitenzi kimekwisha kuchaguliwa na wenye maradhi, kazi ya mwunda istilahi ni kukinyanyua tu na kukivika nomino. Msumbufu si muuaji, wala si mwenda wazimu. Ni yule ajaye bila taarifa, akaondoka, akarudi. Tabia ya maradhi haya ndiyo hiyo.

Huenda akauliza msomaji kwa nini "utumbo" na siyo "tumbo", ikiwa watu wenyewe husema tumbo. Tumbo kwa Kiswahili ni nyumba yenye vyumba vingi: mna mfuko wa chakula, mna matumbo, mna mji wa mtoto. Mwanamke asemaye anaumwa tumbo huenda anastahi kutaja hedhi. "Matumbo" kwa wingi yamekwisha kuwekwa rehani na homa ya matumbo, tena yanauzwa buchani. "Utumbo", kwa umoja, ni chumba kimoja kinachojulikana, nacho ndicho kinachosumbua. Wazee walikuwa pia na "uchengelele" kwa utumbo mwembamba na "chango" kwa maana zaidi ya moja. La kwanza linastahili kufufuliwa katika vitabu vya anatomia. La pili limebeba maradhi mengi mno ya kienyeji kiasi cha kutofaa tena kwa shughuli hii.

Tukifika kwenye maneno yanayofuata jina, yaani yale yanayoeleza muda na chanzo, ndipo tunapokuta hatari kubwa zaidi kuliko zote, nami naomba kuitua hapa kwa muda.

Neno linalotumiwa sana kwa maradhi yakaayo muda mrefu ni "sugu". Kuhara sugu, kikohozi sugu, malaria sugu. Asili ya neno ni ile sehemu ya ngozi iliyogeuka ngumu, isiyosikia tena. Kutokana na hapo limechukuliwa kwa mambo mawili tofauti: ugonjwa uliokaa sana, na kijidudu kinachoikataa dawa. Tunasema "usugu wa dawa" kwa bakteria wasiouawa tena na dawa zilizokuwa zikiwaua. Sasa mwambie mgonjwa wetu kwamba ana "kuhara sugu". Atasikia nini? Atasikia kwamba mdudu aliyempata ugenini angali hai, na kwamba dawa alizopewa zilikuwa dhaifu. Atatafuta zenye nguvu zaidi. Atanunua kidonge dukani, kesho atanunua kingine. Ilhali jambo lenyewe ni kinyume: mdudu amekwisha kwenda zake, na lililobaki ni utumbo uliojifunza tabia mbaya. Kuta zake zimebaki na uvimbe mdogo usioonekana kwa macho, chembe zitoazo homoni ziitwazo serotonini zimeongezeka, na kwa baadhi ya watu kinga ya mwili, baada ya kupigana na sumu ya bakteria, imeanza kuishambulia protini ya mwili wenyewe inayofanana na sumu hiyo. Jambo hili la mwisho limechunguzwa hasa huko Los Angeles, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotibiwa na kidonge kikali cha kuua bakteria wa kuhara. Neno moja, "sugu", linatosha kumpeleka mtu kwenye duka la dawa mara kumi.

Je, tuseme "ya kudumu"? Hili nalo lina uongo wake. Kudumu kwa Kiswahili kunaelekea milele. Ndoa hudumu, amani hudumu. Watu wa Walkerton wangelalamika, kwa kuwa karibu nusu yao walipona katika miaka minane. Watu wa Bergen wasingelalamika sana. Jina lisitabiri lisichokijua. "Ya muda mrefu" ni maneno matatu badala ya moja, nayo hayana utamu, lakini hayamdanganyi mtu kuhusu mdudu wala kuhusu kesho.

Neno la pili la hatari ni "ambukizo". Katika lugha za kitaalamu za Ulaya kuna tofauti baina ya kijidudu kuingia mwilini na kijidudu kutoka kwa mtu huyu kumwendea yule. Kiswahili kimeyaweka yote mawili chini ya mzizi mmoja, kuambukiza. Ugonjwa wa kuambukiza, kwa masikio ya kila mtu, ni ule wa kukaa mbali na mwenye nao. Istilahi iliyotafsiriwa moja kwa moja, "utumbo msumbufu wa baada ya ambukizo", ikiandikwa kwenye cheti cha mgonjwa na kusomwa na shemeji yake, maana itakayotoka ni kwamba utumbo wake unaambukiza. Na sisi ni watu wa sinia moja. Mgonjwa atatengewa sahani yake, na kikombe chake, na mwishowe atajitenga mwenyewe. Mtu aliyekwisha kukosa raha ya kula asinyimwe na watu wa kula nao.

Kwa hiyo napendekeza chanzo kitajwe kwa tukio lenyewe, si kwa nadharia yake: "utumbo msumbufu wa baada ya kuhara". Najua mtaalamu atapinga kwamba si kila mwenye maradhi haya alianza kwa kuhara. Yupo aliyeanza kwa kutapika tu. Upungufu huo naukubali kuwa upungufu wa jina, lakini ni mdogo. Mgonjwa mmoja kati ya wengi atakayesema "mimi nilitapika" atasahihishwa kwa sentensi moja. Yule aliyekwisha kutengewa sahani hasahihishwi kwa urahisi hivyo.

Sasa tugeukie kuhara kwenyewe kulikoanza safari. Kila taifa lenye wasafiri limebuni jina la dhihaka kwa maradhi haya, na karibu kila dhihaka humtupia lawama mwenyeji. Wamarekani waendao Meksiko husema ni kisasi cha Montezuma, yule mfalme wa Waazteki. Wanajeshi wa Uingereza walikuwa na tumbo lao la Misri, na wengine lao la Delhi. Jina la adabu linalotumika katika tiba ni kuhara kwa msafiri, nalo limeanza kutafsiriwa hivyo hivyo kwetu. Mimi naliona lina mapungufu mawili. Kwanza, kwa Mswahili, tumbo la msafiri ni lile linalochafuka ndani ya basi au jahazi. Dawa yake ni kukaa mbele, au kunusa ndimu. Pili, jina hilo limetolewa upande mmoja wa meza. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha wageni wa hoteli za Goa, Mombasa, Montego Bay na Fortaleza, na Mombasa ikaongoza: zaidi ya nusu ya wageni waliugua. Lakini mtoto wa Kisauni aliyekunywa maji yale yale hakuwa msafiri, na kuhara kwake hakukuhesabiwa humo. Tafiti nilizozitaja juu ni za watu wa Oxford, Ontario, Bergen na Marekani. Istilahi ikiandikwa kwa macho ya mgeni, hata maswali huulizwa kwa mgeni peke yake.

Kiswahili kina neno ambalo sijui kwa nini wafasiri wamelipita: "ugenini". Wapenzi wa mpira wanalitumia kila Jumamosi. Kuhara kwa ugenini hakusemi mwenye kosa ni nani. Kunasema tu kwamba mtu yuko mahali ambapo mwili wake haujapazoea. Tena neno hili lina sayansi ndani yake. Wazee wamekuwa wakisema mgeni hajazoea maji, na wataalamu wakawa wakitabasamu. Lakini imeonekana kweli kwamba wageni wakikaa muda mrefu huugua kidogo kuliko walipofika, kwa kuwa mwili hujijengea kinga dhidi ya bakteria wa mahali pale, hasa wale wa jamii ya E. koli. Na neno hilo linamwenea kila mtu: Mholanzi aliyepo Malindi, Mnyamwezi aliyepo Bombay, hata mtu wa Bukoba aliyepo Unguja.

Jambo jingine linalostahili kuzungumzwa kwa kirefu ni masharti ya utambuzi, maana maradhi haya hayana kipimo cha damu wala cha picha kinachoyathibitisha. Hutambuliwa kwa maneno ya mgonjwa peke yake. Ni nadra katika tiba kupata ugonjwa unaokaa ndani ya lugha kiasi hiki. Kuna jopo la wataalamu wa mataifa mbalimbali liitwalo jopo la Roma, ambalo hutoa masharti hayo na kuyarekebisha kila baada ya miaka. Katika masharti ya mwaka 2006, mgonjwa alitakiwa awe na maumivu au "discomfort". Katika toleo la nne, la mwaka 2016, neno hilo la pili liliondolewa. Na sababu mojawapo iliyotolewa inafaa isomwe na kila mwanachama wa baraza la lugha popote duniani: lugha nyingine hazina neno hilo, na zile zilizo nalo hazikubaliani juu ya maana yake. Siku hizi sharti ni maumivu, walau siku moja kwa juma katika miezi mitatu iliyopita, yanayohusiana na kwenda haja au kubadilika kwa choo.

Sisi tungeweza kuliambia jopo hilo mapema. Mfasiri wa Kiswahili aliyekutana na neno lile alikuwa na adha, karaha, usumbufu na "kutojisikia vizuri", na kila moja lingeleta wagonjwa tofauti. Lakini ushindi huu usitulevye, kwa sababu "maumivu" nalo si neno rahisi. Mgonjwa wetu hana maumivu tu. Ana tumbo linalouma, linalokata, linalosokota, linalonyonga, linalochoma, linalovuruga. Dodoso linalouliza "Je, una maumivu ya tumbo?" linaweza kupata jibu la "hapana" kutoka kwa mtu anayesokotwa tumbo kila asubuhi, kwa kuwa kwake yeye msokoto si maumivu, ni msokoto. Atayarishaye dodoso aorodheshe vitenzi hivyo vyote. Karatasi itarefuka kidogo, basi.

Kuna mahali ambapo Kiswahili kimebarikiwa, napo pasemwe. Madaktari wanataka kutofautisha hisia ya tumbo kujaa na kuvimba kwa tumbo kunakoonekana kwa macho, na lugha kadhaa zinahangaika kwa kuwa zina neno moja kwa yote mawili. Sisi tunasema tumbo limejaa, na tunasema tumbo limefura. La kwanza anajua mwenye tumbo. La pili anajua hata anayepita. Nasisitiza tu kwamba "kuvimbiwa" kusichanganywe humo, maana kuvimbiwa ni matunda ya pilau ya harusi.

Toleo hilo la Roma la mwaka 2016 lilifanya jambo jingine: liliacha kuyaita maradhi ya kundi hili kwa sifa iliyokuwa ikisikika kama "hayana chanzo", likayaita matatizo ya mawasiliano baina ya utumbo na ubongo. Ni hatua ya heshima kwa mgonjwa. Lakini ifasiriwe kwa tahadhari, kwa kuwa kwetu neno "ubongo" katika hospitali linanukia wodi ya wagonjwa wa akili, na mgonjwa aliyekwisha kuambiwa mara nyingi kwamba "ni mawazo tu" ataondoka bila ya kungoja maelezo. Ajabu ni kwamba lugha yetu inalijua jambo hili bila kufundishwa. Mtu mwenye wasiwasi tunasema yu tumbo joto. Magazeti huandika hivyo kila palipo na uchaguzi au matokeo ya mitihani. Hatukuhitaji maabara kujua kwamba hofu hushukia utumboni. Muuguzi atakayeanza maelezo yake kwa "tumbo joto", kisha akafika kwenye neva zinazounganisha utumbo na ubongo, atasikilizwa hadi mwisho. Atakayeanza na ubongo atabaki akizungumza na kiti.

Limebaki suala la choo, ambalo waandishi wengi hulikwepa kwa haya. Tangu mwaka 1997 hospitali nyingi duniani hutumia kipimo kilichotungwa Bristol, chenye aina saba za kinyesi kwa maumbo yake, kuanzia vipande vigumu vilivyoachana hadi maji matupu. Maelezo yake ya asili yanatumia njugu na soseji. Kuna tafsiri zinazobeba soseji hiyo hadi kijijini, ambako haijawahi kufika. Aina ya kwanza ina jina letu tayari, mavi ya mbuzi, na hakuna mfugaji atakayelikosea. Ikiwa neno la kwanza linaonekana zito kwa karatasi ya hospitali, iandikwe "kama ya mbuzi" na kila mtu ataelewa. Aina ya nne ni ndizi mbivu iliyomenywa. Ya sita ni ugali uliokosa unga, na ya saba ni maji. Kuhusu neno lenyewe, "kinyesi" kibaki kwenye maabara, na "choo" kitumike katika mazungumzo, mradi muuliza asisahau kwamba choo ni nyumba pia. Swali "Choo chako kikoje?" limewahi kujibiwa kwa habari za bati na mlango. "Unapata choo cha namna gani?" halina utata huo.

Mwisho, palipo na neno la kumwambia mgonjwa huyu ambaye dalili zake zimepungua bila kwisha, wafasiri wamekuwa wakihangaika na "kupona kwa muda" na "kutulia kwa ugonjwa". Neno lipo, nalo ni nafuu. Mwenye nafuu hajapona, lakini ameweza kwenda shamba, amekula na wenzake, na halazimiki kukaa karibu na mlango. Liingizwe katika orodha kama lilivyo.